Uzito wa Kiti cha Nyuma

Nimechoka kuulizwa habari za lile gari. Nikikaa Kaloleni ninywe chai yangu kwa amani, lazima atokee mtu: "Fundi Anaeli, hebu tuambie, ilikuwaje siku ile mlipouzunguka mlima?" Miaka mitatu nimekuwa naguna tu, napuliza chai, nabadilisha maneno. Sasa mama yangu tumemzika mwezi uliopita kule Poli, hakuna tena wa kuumizwa na habari hii. Nitasema leo mara moja, kisha mniache nipumzike.

Mwaka wa hamsini na tano nilikuwa fundi katika gereji ya Mzee Surjit, nyuma ya soko. Nilikuwa nimekaa pale miaka kumi na minane. Mgongo wangu ulikuwa umekwisha kwa kulala chini ya malori ya kahawa, na vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunjiki mpaka leo. Mzee Surjit alikuwa Singasinga wa maneno machache, mkali, lakini hakumwonea mtu. Mwenye maneno alikuwa mwanawe, Balwant. Huyo nilimfundisha mwenyewe kufunga nati kabla hajaota ndevu, nikamfundisha na kusikiliza injini kwa kuweka mpini wa bisibisi sikioni. Kijana mzuri, sikatai, ila kichwa chake kilikuwa cha moto. Akishapenda jambo, na wewe utalipenda, utake usitake.

Mwaka huo akapenda mashindano. Klabu ya magari ya wazungu wa hapa mjini ilitangaza mbio za siku moja: kutoka Arusha hadi Usa River, Kikatiti, Boma Ng'ombe, Sanya Juu, kisha kurudi kwa nyuma ya mlima kupitia Ngare Nanyuki na Oldonyo Sambu. Yaani kuuzunguka mlima Meru mzima kwa barabara za mawe na vumbi. Balwant akapata kadi ya kuingia, sijui alimbembeleza nani, akaja nayo gereji akiipungapunga.

"Fundi, tunaingia!"

"Nani na nani?"

"Mimi kwenye usukani. Harshad anasoma ramani." Harshad alikuwa rafiki yake, mtoto wa duka la vitambaa. "Na wewe nyuma, na vifaa vyako. Bila wewe hatufiki hata Sanya Juu."

"Jina langu litaandikwa?"

"Ala! Fomu ina mistari mitatu, Fundi. Wa tatu ni wako."

Basi nikamwamini. Na kwa kumwamini nikaenda kumwambia mama.

Mama yangu, Eunike, alikuwa anakaa Kikatiti kwa dada yangu Elizabeth, kwa sababu macho yake yalikuwa yanakufa. Daktari wa misheni alikwisha sema: la kulia limekwenda, la kushoto linalifuata, huenda Krismasi isimkute anaona. Alikuwa bado anaona rangi, na vitu vikubwa, na mtu akimsogelea. Nyumba ya Elizabeth iko pale pale kwenye kona, barabara inapopinda kabla ya kushuka kwenye daraja. Ukikaa barazani unakula vumbi la kila lori linalokwenda Moshi.

Nilipomwambia kwamba nitapita hapo nikiwa ndani ya gari la mashindano, akasema, "Anaeli, miaka yote hii nikija mjini kukuona, naona miguu tu imetokeza chini ya gari. Nataka nikuone umekaa ndani."

"Utaniona, mama. Jumamosi ya mwisho ya Septemba, kabla ya saa mbili asubuhi."

"Nitakujuaje, na vumbi lile, na macho haya?"

"Nitavaa koti la baba."

Koti hilo lilikuwa la buluu, zito, baba alilivaa kanisani mpaka likatoboka begani. Mama alilitia kiraka cha kitambaa cha njano kikubwa kama sahani, maana ndicho alichokuwa nacho. Baba alikuwa analalamika kwamba anaonekana tangu Poli mpaka Usa River. Nikamwambia mama kiraka kile hata kipofu atakiona.

"Basi ndiye mimi huyo," akasema, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanishika mkono. "Na uinue mkono, mwanangu. Nikiona mkono nitajua ni wewe, si nguo tu."

Nikaahidi. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na moja, na niliahidi kama mtoto wa shule.

Haya, tuje kwenye gari. Lilikuwa gari la familia, la kuwapeleka Mzee Surjit na mkewe kusali gurudwara siku ya Jumapili. Lina springi laini, viti vipana, na kwenye kona linalala kama mlevi anayetafuta ukuta. Siku ya kwanza ya majaribio tulikwenda njia ya Moshono. Kona ya tatu tu Harshad akatoa kichwa dirishani akatapika chapati zote. Balwant alikuwa amening'inia kwenye usukani, mimi nimeangukia mlango, sanduku la spana limeniangukia mimi.

"Hili si gari," nikasema. "Hiki ni kitanda cha kamba."

Balwant hakukasirika. Kesho yake akaja na gazeti moja la magari kutoka Uingereza, akaniwekea picha mbele ya pua. "Stebilaiza, Fundi. Tunaweka nene zaidi."

Kwa asiyejua: stebilaiza ni fimbo ya chuma cha springi inayolala chini ya gari kutoka upande huu mpaka upande huu. Ncha moja imeshika mkono wa gurudumu la kushoto, ncha nyingine la kulia. Gari likitaka kulala upande mmoja kwenye kona, lazima kwanza liisokote ile fimbo. Ikiwa nyembamba inasokoteka upesi, na gari linalala. Ikiwa nene inakataa, na gari linasimama wima. Ni hilo tu. Lakini kila unachokipata kwa mkono mmoja unakitoa kwa mkono mwingine, na hilo Balwant hakuwa tayari kulisikia kutoka kwangu.

Gari lile lilikuwa na stebilaiza moja mbele, nyembamba kama kidole cha shahada. Nikatafuta vyuma kwenye mabaki ya malori nyuma ya gereji, nikavipasha moto, nikavikunja, nikavizamisha kwenye oili chafu vipate ugumu. Kazi hiyo nilikuwa naifanya saa za chakula, maana saa nyingine malori ya watu yalikuwa yananisubiri. Nikatoa fimbo mbili. Moja unene wa kidole gumba, ya pili unene wa mpini wa jembe.

"Mpini wa jembe," akasema Balwant bila kufikiri. "Na tuuweke nyuma."

"Nyuma utajuta."

"Wewe funga tu, Fundi."

Nikafunga. Tukashuka Tengeru, na kwenye kona ya kwanza gurudumu la nyuma la upande wa ndani likainuka juu kama mguu wa mbwa penye mti. Likawa linazunguka hewani, halisukumi kitu, na mkia wa gari ukatoka kutaka kutupita. Tukasimama tumeangalia tulikotoka. Harshad akaanza kusema maneno ya Kigujarati ambayo nadhani yalikuwa maombi.

"Haya," nikasema kutoka nyuma. "Umeridhika?"

Wiki iliyofuata tukaifunga fimbo ile ile mbele. Hapo mkia ukatulia, lakini sasa gari likawa kaidi. Unakata usukani, lenyewe linakwenda mbele linakotaka. Na kila gurudumu moja likiingia shimoni, la pili nalo linaruka, kwa sababu yamefungwa pamoja kama wafungwa. Tukaingia katika shamba la migomba la mama mmoja wa Kimeru, tukaangusha migomba mitatu. Yule mama hakumwangalia hata Balwant. Alinigombeza mimi, kwa Kimeru, nusu saa nzima, akitaja na ukoo wangu. Nilimwomba radhi, nikaisimamisha migomba kwa miti, huku Balwant akifuta kioo.

Ndipo ikaja zamu ya kidole gumba. Niliifunga mbele Jumatatu, bushi mpya za mpira, nati zote nimezikaza mwenyewe. Tukashuka tena Tengeru. Balwant akakata kona, na gari likainama kidogo tu, kisha likashika barabara. Mbele halikukaidi, nyuma halikuponyoka. Tukakata kona ya pili, ya tatu. Harshad akakunja ramani akasema, "Leo nimesahau kuogopa."

Mimi nilikuwa nyuma, kiti cha kulia, sanduku la spana miguuni, kiganja changu nimekibandika sakafuni. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nalisikiliza gari. Kila jaribio nilikaa pale. Hakuna aliyeniambia kaa pale na hakuna aliyeuliza kwa nini. Fundi hukaa nyuma, ndivyo tulivyozoea, wao na mimi.

Balwant alikuwa na daftari. Alipima kila kitu kilichomo garini: gurudumu la akiba, jeki, madebe ya petroli, maji, sanduku langu, hata magunia madogo matatu matupu ya kutandika chini ya matairi tukikwama kwenye matope. Alisema uzito ukibadilika, gari linabadilika. Kweli kabisa. Alinipa daftari nilihakiki. Nikalisoma lote, mstari kwa mstari, nikamwambia liko sawa. Mimi simo humo, wala sikujiona kwamba simo. Kosa hilo halikuwa lake peke yake.

Jumamosi ikafika. Nilivaa koti la baba juu ya ovaroli safi. Mzee Surjit aliniangalia pale gereji, akaangalia kiraka, akasema, "Leo umependeza, Anaeli." Kwa mzee yule, hiyo ilikuwa hotuba.

Mahali pa kuanzia palijaa watu. Magari kumi na tisa yamepangwa, yanaachiwa moja moja, moja likiondoka wanahesabu dakika tatu ndipo linafuata lingine. Sisi tulikuwa wa kumi na wawili. Nikaingia nyuma, nikaweka sanduku miguuni, nikafungua dirisha la kulia, maana nyumba ya Elizabeth iko upande wa kulia ukitoka mjini. Nilikuwa nimekwisha jaribu kuinua mkono nione kama utapita vizuri dirishani.

Mzungu mmoja mwenye ubao wa karatasi akaja akachungulia. Akahesabu kwa kalamu: mmoja, wawili, watatu. Akaangalia karatasi yake. Akaangalia tena ndani.

"Hapa bili tu," akasema kwa Kiswahili chao cha mashambani, yaani wawili tu. "Wewe toka."

Nikasema jina langu ni la tatu. Akanigeuzia ubao nijionee. Mstari wa kwanza Balwant, wa pili Harshad, wa tatu mweupe.

Nikamwangalia Balwant kwenye kioo. Alikuwa ameinamia usukani.

"Balwant."

"Fundi, klabuni walisema... wakiona jina la Mwafrika watairudisha kadi. Nikafikiri siku yenyewe hawatahesabu."

"Uliniambia umeandika."

"Najua."

Mzungu hakuwa na hasira, hilo nalo liliniudhi. Alisimama tu ameshika mlango, ameniachia nafasi nipite, kama mtu anayefungulia kuku. Nikatoka na sanduku langu. Akaniambia sanduku libaki, ni mimi tu ndiye nitoke. Loo! Nikalirudisha.

Na hapo nilipotoka, nikaona gari limeinuka nyuma.

Kwa macho ya mtu mwingine si kitu. Mimi niliuona ule mwinuko nikajua. Miezi miwili tumeichagua stebilaiza ya mbele kwa gari ambalo mimi nimo. Uzito wangu nyuma ndio uliokuwa unakubaliana na ugumu wa mbele. Niondoe mimi, na ugumu unabaki peke yake: Balwant atakata usukani kwa mwendo ule ule aliouzoea Tengeru, na gari litakwenda mbele, kama lilivyokwenda migombani. Yeye hatajua mpaka afike kwenye kona ya kwanza ya kasi.

Nikanyamaza. Nakiri mbele yenu. Nilisimama pale na koti la baba, watu wananiangalia, na moyo ukaniambia mwache aende. Miaka kumi na minane. Nimemfundisha kila anachokijua, na ameshindwa kuandika herufi sita. Gari la tisa likaondoka. Nilikuwa nimechoka, si kwa siku ile tu, kwa miaka yote ile pamoja. Nikajiambia daftari ni lake, gari ni lake, kila mtu abebe mzigo wake.

Kisha nikafikiri: kona ya kwanza ya kasi ni ipi? Nikaihesabu njia kichwani. Tengeru sasa wameweka mawe, watapita polepole. Usa River imenyooka. Kona ya kwanza ya kasi ni ya Kikatiti, pale penye nyumba ya Elizabeth. Gari lisipokata pale, linakwenda moja kwa moja barazani. Na barazani, tangu saa kumi na mbili, amekaa mama yangu na jicho moja, ananisubiri.

"Zima gari!" nikapiga kelele. "Balwant, zima!"

Akazima. Nikamweleza kwa maneno kumi, hayakuzidi. Yule kijana alikuwa mwepesi wa kuelewa mambo ya chuma. Uso wake ukabadilika rangi.

"Turudishe ile nyembamba."

"Iko gereji. Una dakika nane."

"Tuitoe hii, tuende bila kitu."

"Utalala na magurudumu juu."

Upande wa pili wa barabara walikuwa wanajenga duka, na mchanga umerundikwa. Nikaangalia mchanga. Nikaangalia yale magunia matupu. Mungu wangu, nilicheka, lakini si kicheko cha furaha.

"Mzungu," nikamwita, "mchanga unaruhusiwa?"

Akafungua kijitabu chake, akakisoma kwa makini, akasema hakuna sheria inayokataza mchanga. Mchanga haukuhitaji fomu.

Nikamwomba dakika moja niingie tena nyuma nijipime. Harshad akashuka akaingiza vidole kati ya tairi na madigadi: vinne, vimebana. Nikatoka. Tukachota mchanga kwa mikono, Balwant naye, shati lake jeupe la mashindano likawa kama la saidia fundi. Gunia la kwanza tukalikalisha kitini. Vidole vitano. Tukaongeza la pili juu yake, tukajaza kidogo kidogo, Harshad anapima, mpaka vikawa vinne, vimebana. Ndipo nikajua uzito wangu: gunia moja na nusu ya mchanga wa mto.

Nikayafunga kwa kamba yasimame wima, moja juu ya jingine. Gari la kumi na moja likaondoka. Nikavua koti la baba.

"Unafanya nini?" akauliza Balwant.

"Magunia yatakwaruza kiti cha mama yako."

Uongo. Nililivisha gunia la juu, nikafunga vifungo vyote, nikaligeuza bega lenye kiraka lielekee dirisha la kulia. Juu nikaweka kofia yangu. Nilikuwa naona aibu, lakini nilifunga kila kifungo.

"Fundi," akasema Balwant, "nisamehe."

"Kikatiti punguza mwendo," nikamwambia. "Nyumba ya kwenye kona. Punguza."

Wakaondoka. Mimi nikarudi gereji kwa miguu, na ovaroli yangu safi. Mzee Surjit aliponiona akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaniona bado niko pale. Alinimiminia chai mwenyewe kwa mkono wake, jambo ambalo sikuwahi kuliona, kisha akaingia ofisini akafunga mlango. Nikanywa, nikaingia chini ya lori.

Walirudi saa kumi jioni, wa nne kati ya kumi na tisa. Balwant alikuwa mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye ndevu. "Imeshika, Fundi! Kona zote! Gari limekaa kama limepigiliwa misumari!" Mpiga picha akawapiga picha wakiwa mbele ya gari kabla mchanga haujatolewa. Picha hiyo ikatundikwa gereji, na nyuma ya kioo unaona bega la koti na kile kiraka. Ndiyo mnayoionaga. Ndiyo maana mnaniuliza.

Kesho yake, baada ya ibada, nikapanda lori mpaka Kikatiti. Elizabeth alikuwa nje anamenya ndizi. Aliponiona akaangalia chini.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Uliona?"

"Niliona magunia," akasema polepole. "Mama akanishika, akaniuliza, 'Elizabeth, ni yeye?' Kaka, ningesema nini? Nikasema ni yeye."

Mama alikuwa ndani, amekaa kitandani, uso umeelekea mlangoni. Nikamwamkia. Alinyoosha mikono yote miwili akanipapasa uso, mabega, akashika ukosi wa koti, maana nilikuwa nimelivaa.

"Nilikuona," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Gari lilipunguza mwendo. Nikaona njano. Ulikaa vizuri, Anaeli, umenyooka. Wote wengine walikuwa wanayumbayumba, wewe ulikaa kama mwenye gari." Akaendelea kunishika ukosi. "Lakini hukuinua mkono."

Nje niliisikia sufuria ya Elizabeth, kisha ikanyamaza.

"Nilikuwa nimeshika chuma, mama. Kona ile ni mbaya."

Akauachia ukosi wa koti.

"Si kitu," akasema. "Mimi niliinua wangu."

Jicho la kushoto lilizimika mwezi wa kumi na moja. Miaka mitatu iliyobaki aliwasimulia watu wote wa kanisani, na wagonjwa aliolazwa nao hospitali, na mchungaji, jinsi alivyomwona mwanawe amekaa ndani ya gari la mashindano. Kila mara nilikuwepo, na kila mara niliitikia. Kitu cha mwisho mama yangu alichokiona vizuri hapa duniani ni magunia mawili ya mchanga, na Elizabeth aliniambia aliendelea kuyapungia mkono hata vumbi lilipokuwa limekwisha kutua.

Haya, nimesema. Chai yangu imepoa.